Bendera Ni ya Nani?

Asubuhi hiyo benchi la nje kwa kinyozi, pale Saida, lilijaa mapema, na birika la kahawa lilikuwa limeshazunguka mara mbili. Jana, kwenye maandamano ya umoja wa Waarabu, kijana Wisam alipandisha bendera nyekundu, nyeupe na nyeusi yenye nyota mbili za kijani. Wenye uchungu na serikali iliyoanguka Damasko wakadhani ni ya serikali hiyo, wakamtwanga. Askari wakamwokoa, kisha wakamweka ndani. Saa sita mchana angepelekwa Beirut. Mama yake, Umm Wisam, alisimama mbele ya benchi na mfuko wa nguo safi. Alikuja kutafuta mtu, akakuta baraza.

— Nyota mbili ni Misri na Syria, mwaka hamsini na nane! — alifoka Mwalimu, aliyefundisha historia mpaka meno yakamwisha. — Bendera ya muungano! Waliompiga hawajasoma.

— Acha kutupiga kamba, — alidakia jirani yake, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. — Damasko waliipeperusha hiyohiyo miaka arobaini. Kitambaa kilekile!

— Si kilekile! Kijani cha muungano kimekolea.

— Kimekolea, au hakijafuliwa?

Haji Sabri, mkubwa wao, aliinua kidole.

— Tazameni pembe ya nyota. Ikielekea mlingoti, ni umoja. Ikielekea watu, ni udikteta.

— Haji, nyota ina pembe tano! Zinaelekea kote!

— Ndiyo maana tuligawanyika.

— Na nyota ya tatu waliiba Waingereza, — alisema Redio. — Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Umm Wisam aliona watakesha hapo.

— Kaka zangu, askari hawajali nyota. Wanataka mwenye bendera aje aandikishe kwamba ni ya zamani, ya muungano. Wisam kaambiwa amtaje, kakataa.

— Shujaa! — Mwalimu alijipiga goti. — Mtoto wa simba ni simba!

— Kavunjika mbavu mbili, Mwalimu.

— Damu ya vijana ni wino wa taifa, dada.

— Basi chovya ya kwako.

— Usikasirike, Umm Wisam, — alisema Haji Sabri kwa upole. — Haba na haba hujaza kibaba. Leo mbavu mbili...

— Haji, nyamaza! Niambieni neno moja tu, niwaache na nyota zenu. Bendera ni ya nani kati yenu?

Kinyozi alizima mashine. Mwalimu alichungulia kikombe kitupu.

— Haya, — alisema Umm Wisam. — Nimeishika kituoni kwa mikono yangu. Miaka sitini na kitu, haina tundu hata moja la nondo. Mwanamume hawezi kutunza kitambaa hivyo. Ngoja nikawaulize wake zenu.

Akashika uchochoro wa kwanza, ule wa kwa Haji Sabri. Haji aliinuka kwa kasi isiyo ya umri wake, kahawa ikammwagikia suruali.