Mishale Myekundu ya Tokyo

Benchi la mbele ya kinyozi linatazamana na televisheni ya ndani. Chini ya picha hupita masoko ya hisa ya dunia, New York, London, Tokyo, kila jina na namba na mshale wake: kijani limepanda, nyekundu limeshuka. Siku tatu mfululizo Tokyo ilikuwa nyekundu. Fundi Cherehani hakuwa na kitu Tokyo. Alikuwa na hisa za kiwanda cha saruji cha hapa hapa, alizoachiwa na marehemu mkewe, aliyefunga mifuko pale miaka kumi na minane, akausia ziwe za chuo cha binti yao. Jana jioni wazee wa benchi walimshauri, naye akasaini fomu ya kuuza. Leo asubuhi, akiwa nao tena bencini, kahawa ilipoa mkononi mwake. Soko lingefunguliwa saa tatu. Kabla ya hapo angeweza kufuta.

— Usifute, — alisema Mlinzi, aliyelinda mlango wa benki maisha yake yote na kwa hiyo ndiye mtaalamu wa fedha. — Dalili ya mvua ni mawingu. Jua linaanzia Tokyo. Kinachoanguka kule asubuhi, kwetu kinafika mchana.

— Kinafikaje?

— Kwa waya, Fundi. Chini ya bahari.

Dereva Mstaafu, aliyeendesha malori, akaguna.

— Mlinzi, wewe benki uliipa mgongo miaka yote, utajua nini? Ile namba ya Tokyo ni pointi. Haba na haba hujaza kibaba. Sasa kibaba kimejaa, kinamwagika.

— Pointi za nini?

— Za hisa zote duniani! Zinapimwa pamoja, kama lori kwenye mizani ya barabarani. Gunia moja likizidi, mzigo mzima unarudishwa.

— Hata saruji yetu imo?

— Saruji? Ndiyo nzito kuliko zote!

Mlinzi alicheka. Fundi hakucheka. Kupima ndiyo kazi yake, na tangu ashike futi hajawahi kumpima jirani akamkatia mteja suruali. Na Tokyo ilikuwa jirani tu. Akapiga simu kwa dalali.

— Dada, ile fomu yangu naomba uifute.

— Ooh, baba. Ni saa tatu na dakika nne. Zimeuzwa zote, mara tu soko lilipofunguliwa.

Simu ilikuwa bado sikioni binti yake alipofika na ufunguo wa duka ambao Fundi aliusahau nyumbani.

— Shikamooni.

— Marahaba, — waliitikia kwa sauti za msibani.

— Baba, kuna nini?

— Nimeuza zile za mama yako. Zilikuwa zinaanguka, mwanangu. Wazee hapa waliona.

Binti aliwatazama wazee mmoja mmoja, bila utovu wa adabu, kama mtu anayetaka kuelewa.

— Na huyo aliyezinunua haraka hivyo, yeye aliona nini?

Fundi alimgeukia Mlinzi. Mlinzi alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Dereva aliinua kikombe chake kitupu, akanywa.