Hisa za Boti Zilizofungwa Gatini

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na ubaridi. Ndani ya basi nilikuwa nauombea mtihani wangu wa jioni, lakini masikio yakanitoroka.

Mbele yangu mama mshonaji alimwonyesha jirani yake wa kiti simu. "Kaka, hisa za kampuni ya kuvuta meli zimepanda tena! Mwaka jana hazikuwa na maana kabisa."

"Hata mimi ninazo, dada, na sielewi," alijibu yule jirani, fundi wa kuchomelea bandarini. "Boti zao nazikarabati mimi, bado zimefungwa gatini. Zinapanda kwa kazi gani?"

"Wewe wa bandarini unaniuliza mimi wa cherehani?"

"Basi uza, ule faida."

"Niuze, nyumbani niseme hela zimetoka wapi? Zilipoporomoka nilimwambia mume wangu nilikuwa nimeshaziuza mapema. Mpaka leo ananisifia akili."

Fundi alicheka peke yake. Nilimwombea yule mama, ila sikujua niombe zipande au zishuke.

Basi liliposimama, mshonaji aliinuka, akatugeukia. "Jamani, nyote ni mashahidi. Leo namwambia mume wangu ukweli kabla sijavua viatu."

"Na zikishuka mchana?" aliuliza fundi.

"Hata zikishuka, namwambia."