Persis Nyanchera na Namba za Nyumba ya Pili

Bi. Persis Nyanchera alianza kazi katika masjala ya ushirika wetu wa wakulima wa chai hapa Kisii tarehe 3 Februari 1992, na anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Hiyo ni miaka thelathini na mitatu na karibu miezi mitano, ambayo kwa sehemu kubwa ameitumia kuhakikisha kwamba kila mkulima anabaki kuwa yeye mwenyewe katika vitabu vyetu.

Alikuta kadi za manila na taipureta iliyokwama herufi moja. Alihudumu Nyamira miaka sita, akarejea Kisii mwaka 2004, kompyuta ya kwanza ilipofika. Wenzake waliifunika kitambaa cha kufumwa. Aliamuru kiondolewe siku hiyo hiyo, akisema mashine si kochi.

Akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu alijifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python. Alichokipenda hasa ni ruwaza, zile fomula fupi za alama zinazoiambia kompyuta itafute maandishi ya umbo fulani na kuweka mengine mahali pake. Kazi ya kusahihisha namba za simu za wanachama, iliyokadiriwa kuchukua wiki mbili, aliimaliza kabla ya chai ya saa nne. Alizunguka ofisi nzima akituonyesha, kama mtu aliyepata mjukuu.

Hata hivyo hakuziamini kabisa. Faili lililobadilishwa kwa ruwaza lilisomwa kwa sauti: mmoja akisoma, mwingine akitia alama kwenye kadi za zamani. Fred Onyiego wa kitengo cha kompyuta alimtania: “Madam, kompyuta haisinzii.” Naye akajibu, “Haisinzii, lakini haijui boma la mtu.”

Ijumaa, tarehe 14 Julai 2023, faili la kadi mpya za wanachama lilitakiwa kwa mchapishaji kufikia saa kumi na moja jioni. Namba zetu za zamani ziliishia kwa mkwaju na mwaka wa kujiunga, kwa mfano 502/1988, na mimi ninayeandika haya nilipewa kazi ya kuufuta mwaka, nikaiingia mbio bila kula chakula cha mchana. Ruwaza yangu ilisema: tafuta kila mkwaju na tarakimu zinazoufuata, hata ziwe ngapi, ufute vyote. Ilifanya kazi kwa kasi ya kuridhisha. Nikahifadhi juu ya faili lile lile.

Nilichosahau ni kwamba namba nyingine zina mikwaju miwili. 417/2/1988 ni nyumba ya pili, yaani enyomba ya mke wa pili, katika boma lenye namba 417. Ruwaza yangu ilifuta nyumba pamoja na mwaka.

Persis alikuwa akisoma wakulima wa Nyacheki alipokutana na 417 mara mbili: Jacinta, na mke mwenza wake, Nyanchama. Akavua miwani. “Hawa wamekuwa mtu mmoja lini?” Kadi zingetoka hivyo, majani ya Nyanchama yangepimwa kituoni kwa jina la nyumba ya kwanza, na michai aliyoitunza peke yake tangu mumewe afariki ingekuwa, kwa mujibu wetu, si yake. Tulipohesabu, wanachama 1,146 walikuwa katika hali hiyo.

Faili la asili halikuwepo tena. Ila Persis ni Msabato, na kila Ijumaa, kabla ya kuondoka mapema, hunakili kila kitu kwenye flashi ili Sabato imkute hana kazi inayomwita. Akaitoa mkobani. Ilikuwa nakala ya wiki iliyotangulia. Wanachama kumi na tisa waliojiunga tangu hapo tuliwaongeza kutoka kwenye fomu. Kisha akaniandikisha ruwaza upya: mkwaju, tarakimu nne kamili, mwisho wa namba. Mwaka ukaondoka, nyumba ikabaki. Tukasoma tena kwa sauti, safari hii Fred akitia alama bila utani. Dakika kumi kabla ya muda faili likatumwa, na Persis akaenda zake jua likiwa bado juu ya soko la Daraja Mbili.

Kwa muda nilidhani funzo ni kutoiamini mashine. Sasa sina hakika, kwa sababu mashine ilifanya nilichoiambia. Pengine anayebadilisha maandishi yanayohusu watu anapaswa kuwafahamu watu hao kwanza, ingawa mimi niliwafahamu na bado nikasahau. Persis hakutoa nadharia yoyote. “Siku nyingine ule kwanza,” aliniambia.

Nyanchama alipokuja kuchukua kadi yake, alisoma 417/2, akalalamika kwamba picha imemzeesha, akatia sahihi na kuondoka. Hakuona sababu ya kumshukuru yeyote, na hilo ndilo lililotupa faraja kubwa.

Shukrani hizo basi tunazitoa sisi, Madam Persis. Nenda nyumbani kwako Nyakoe ukapumzike. Tunakuombea afya, amani, na siku nyingi za furaha pamoja na wako.