Ukucha Mweusi wa Fundi Soli

Ndugu waombolezaji, kwa ruhusa yenu familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Soli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa tatu wa mshona magunia, akamaliza darasa la saba mwaka 1977, kisha akajifunza kushona viatu kwa mjomba wake, kazi aliyoifanya katika kibanda kinachotazamana na kituo cha mafuta, ambako hakuna aliyeondoka bila kutaniwa anavyokanyaga. Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na mama wa nyumba hii, aliyepeleka kiatu kimoja kutiwa gundi akarudi na fundi mzima, na Mungu akawajalia mabinti wawili.

Mapema mwaka 2021 mstari mweusi ulitokea kwenye ukucha wa kidole gumba, naye hakushtuka, kwa kuwa kwa mafundi viatu ukucha uliopigwa nyundo ni kama cheti, wenzake wakampongeza kuwa amehitimu tena. Lakini alama ya nyundo husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, na mstari huu haukusogea, ulipanuka, weusi ukavuka hadi kwenye ngozi, ukucha ukapasuka na kidonda kikakataa kupona. Alipokwenda hospitali Novemba 2022, alikatwa kinyama kikapimwa, ikaonekana ni melanoma, saratani ya ngozi, nayo ilikwisha kufika kwenye tezi za kwapa.

Kidole kilikatwa, naye akarudi kibandani na azimio moja, kila aliyevua kiatu ageuze unyayo. Dada wa mkewe, muuza mitumba, alikuwa na doa kisiginoni, kingo zake hazilingani, rangi mbili, nalo linakua, akashikilia kuwa amezaliwa nalo. Fundi akakiweka kiatu chake chini ya benchi, akamwambia, “Shemeji, kiatu utakipata ukiniletea majibu ya daktari. Mimi nilingoja kiume, nikangoja mpaka nikachelewa.” Akaenda kwa kandambili za kuazima, amenuna, doa likaondolewa mapema, na leo yupo nasi, mzima.

Januari 2024 saratani ilifika mapafuni, na tarehe 3 Aprili, alfajiri, Muumba alimwita, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumshusha ngazi, na mafundi waliofunga vibanda vyao leo. Tunawaomba mkifika nyumbani mtazame nyayo, viganja na kucha, na pale jicho lako lisipofika mwenzako akutazame, na mwenye doa linalobadilika au kidonda kisichopona asingoje maumivu, aende kesho.

Lala, Fundi, katika amani ya Mungu, sisi tutatazamana.