Mama Bisibisi Ajifunza Kuitaja Kazi Yake

Kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne, fundi wetu wa mashine, tunayemwita Mama Bisibisi, ameitumikia hospitali hii. Tarehe 30 Juni anastaafu rasmi. Niliombwa niandike wasifu wake kwa kuwa mimi ni mtunza kumbukumbu, nikadhani ni kazi ya nusu saa. Leo siku ya nne, bado najikuna kichwa.

Shida ni kwamba kwa miaka mingi hatukujua anafanya nini hasa. Karakana yake iko nyuma ya chumba cha kufulia. Tulimwona akipita na koti lake la buluu, kalamu sikioni, na mashine zilikuwa zinafanya kazi. Hatukuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Hata mkuu wa hospitali aliyekuja miaka tisa iliyopita alichanganyikiwa. Alizunguka wodi zote, akakuta kila mashine nzima, akajiuliza: kama hakuna kinachoharibika, fundi ni wa nini? Akaandaa mpango wa kuifunga karakana.

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga alizinasa habari hizo, akamfuata Mama Bisibisi mbiombio.

"Dada yangu, umezidi ukimya. Waambie watu unachofanya."

"Niwaambie wapi? Nipige mbiu?"

"Mezani pa chai tu, kama wenzako wanavyosimulia ya kwao."

Kesho yake, katikati ya ubishi wa mpira, Mama Bisibisi aliweka kikombe chini akatangaza: "Mimi leo nimetengeneza mashine ya kupasha joto watoto njiti."

Dereva akampa pole. Mhasibu akauliza kama anaaga. Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anaanzisha mchango. Mwenyewe alitahayari, akaondoka chai ikiwa nusu.

Siku iliyofuata akarudi. Safari hii hakutangaza, alisimulia. Mtungi wa kuchemshia vifaa vya upasuaji ulikuwa unakoroma kama mjomba wake aliyeshiba. Kuufungua, akakuta mpira wa mfuniko umelika. Wiki moja zaidi, ungelipuka.

Dereva alisahau kutafuna. "Ulipuke, na sisi tumo humu humu?"

"Ndiyo maana nimeubadilisha."

Tangu hapo tukawa tunamsubiri. Hajaketi, mtu ameshauliza: "Haya, leo umemtibu nani?"

Siku moja mkuu aliingia kuchukua maji ya moto, akamkuta anaeleza jinsi alivyoiwahi mashine ya oksijeni kabla haijazima. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, maji yakipoa.

"Mbona hujawahi kuniletea ripoti?" akauliza, amepigwa na butwaa.

"Naleta kila mwezi, mkuu. Tangu mwaka wa kwanza."

Wote wakanigeukia.

Zilikuwa kwenye kabati langu. Nilizigonga muhuri, nikazipanga kwa tarehe, sikusoma hata moja. Mkuu alizichukua za mwaka ule akaenda nazo. Wiki hiyo hiyo mpango wa kufunga karakana ukafutwa, na mafundi wawili wakaongezwa.

Zilizobaki nimezisoma siku hizi nne. Ripoti moja ya mwaka wake wa saba ina mistari miwili tu: umeme ulikatika mchana, jenereta ikagoma, mashine za watoto njiti zikaunganishwa kwenye betri za gari la wagonjwa. Dakika arobaini. Watoto watatu, wote wazima.

Siku hiyo naikumbuka. Nilishinda nikilalamika kwamba feni ya ofisini kwangu imezimika.

Sijui mtu huombaje radhi kwa jambo kama hilo, kwa hiyo naliandika hapa, mbele ya wote. Mama Bisibisi, ahsante, na unisamehe. Sote tunakuombea afya njema, usingizi mnono, na wajukuu wenye masikio kuliko sisi.