Mtu Aliyekataa Kusoma "Na Wengineo"

Ndugu waombolezaji, haya ninayoyasoma kuhusu marehemu shemeji yangu sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo, niliyaona kwa macho haya mawili, hata kuzaliwa kwake nilikuwepo, na anayetaka kuuliza iweje wakati marehemu amenizidi miaka saba, basi aulize tukishazika, kwa sasa aniache nisome.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya kiwanda cha mikate alikofanya kazi baba yake, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, akatoa kilio kilichowafanya waokaji wazime mashine wakidhani mkanda umekatika.

Aliingia sekondari Januari 1973, na huko ndiko neno moja lilipomkamata lisimwachie tena. Siku ya zawadi, tarehe 21 Novemba 1974, mama yake alivaa gauni lake la kutokea, akakaa ukumbini toka asubuhi akimsikilizia mwanawe, yakasomwa majina ya hesabu, ya riadha, ya mdahalo, ya kwaya, kisha makamu mkuu wa shule akakunja karatasi kwa kusema, "na wengineo," watu wakapiga makofi wakainuka, ndipo mama mtu akamgeukia mwanawe mbele ya kadamnasi, akamwambia, "Kumbe huku unaitwa Wengineo? Mbona mimi nilikuzaa nikakupa jina?" Watu walicheka, naye akacheka, lakini kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na mwaka uliofuata baba akaugua, shule ikaishia hapo.

Tarehe 2 Mei 1980 aliajiriwa katika shule ile ile kutunza stoo ya vifaa vya michezo, kujaza mipira upepo, kuziba nyavu, kuanika jezi, akaridhika na kazi isiyohitaji maneno, mpaka siku ya zawadi ya mwaka 1982, makamu alipokaukiwa sauti akamkabidhi kipaza sauti na kumwambia, "Wewe soma tu kama ilivyoandikwa." Akasoma vizuri, akafika kwenye lile neno, ulimi ukagoma, akainua macho, akaanza kuwataja waliobaki mmoja mmoja kwa aliyoyaona mwenyewe mlangoni pa stoo, golikipa aliyefungwa mabao tisa na bado akarudi kipindi cha pili, msichana wa kwaya asiyejua kuimba lakini ndiye anayewaambia wenzake waanze lini, refa aliyempa kadi nyekundu kaka yake wa tumbo moja, akaenda hivyo mpaka jua likazama wazazi wakiwa bado wamekaa, maana nani atainuka na mtoto wa mwenzie anasifiwa? Mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo, mgeni rasmi naye alinaswa, nilimsikia akimnong'oneza dereva wake, "Kamwambie mama nyumbani nimekamatwa."

Lakini aliyenaswa zaidi ni yeye mwenyewe, maana toka siku hiyo karatasi ikawa yake kila mwaka. Tarehe 17 Septemba 1983 alimwoa dada yangu, fundi cherehani, wakakubaliana kuhamia mji wa pili nilikokuwa na karakana ya makochi, kazi aliyoitamani na aliyoiweza kunishinda, na mimi si fundi wa kubabaisha, ulizeni. Kila mwaka masanduku yalifungwa, na kila mwaka mwanafunzi mmoja alipiga hodi, "Mzee, mwakani namaliza mimi, ukiondoka nani atanisoma?", masanduku yakabaki pale ukutani mpaka yakageuka viti vya wageni, dada akawa anawaambia, "Karibu, kaa hapo juu ya safari yetu." Marehemu alisikia, akainamisha kichwa, na jioni alisimama dirishani akiutazama uzio wa shule, akijiona kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, anadonoa mpaka kamba inapoishia, halafu kamba yenyewe amejifunga mwenyewe, kwa sababu alijua akiondoka karatasi itarudi kwa makamu, na watoto watarudi kuwa wengineo.

Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, tarehe 9 Juni 1989, akasoma hapo hapo, akawa nahodha wa mbio za kupokezana vijiti, na watu walipoanza kusema, "Subirini siku ya binti yake, tutalala humu," marehemu akajiwekea sheria mbele ya walimu, kwamba msomaji hasifu damu yake. Siku ya zawadi ya mwaka 2007 akasoma jina la binti, akasoma darasa lake, akafungua mdomo, ukumbi mzima ukasubiri, akaenda kwa anayefuata. Nyumbani binti alimwambia, "Baba, watoto wa watu wote umewasimamia, mimi umenipita kama basi lililojaa." Alikuwa na la kumjibu, lakini sheria yake ilimkaba, akaenda stoo akajaza mipira upepo mpaka ikawa migumu kama mawe, akisema moyoni atamwambia kesho, na hiyo kesho ikapita miaka.

Alistaafu mwaka 2018 kwa karatasi tu, siku za zawadi waliendelea kumfuata kwa gari. Agosti 2022 sauti ilianza kukwaruza, madaktari wakaona uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji tarehe 14 Februari 2023, akapona kidonda, sauti ikaondoka. Alifariki hospitalini tarehe 6 Januari 2024, alfajiri, nikiwa pembeni ya kitanda, na nilimsikia akimwita binti yake akamwambia, "Ulipokea kijiti tukiwa wa tano, ukakifikisha tukiwa wa kwanza, nami nilijifungia stoo nikapiga kelele peke yangu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala hapa na dada yangu, walimu, na ninyi wanafunzi wa zamani, ambao mmejaa mpaka barabarani na hakuna hata mmoja ninayeweza kumtaja bila kuwaudhi wengine.

Sasa binti yake ananikazia macho toka mstari wa mbele, na kweli mjomba mtu hapaswi kumwongopea mtoto siku ya kumzika baba yake. Yote niliyosoma ni kweli tupu, isipokuwa maneno ya kitandani, hayo nimeyatunga mimi jana. Shemeji hakuwa na sauti. Alimshika mwanawe mkono, akafungua mdomo, hakikutoka kitu, akabaki anamtazama yeye tu, hakumtazama mwingine yeyote chumbani, wala mimi niliyemletea uji. Pumzika kwa amani, shemeji, na kama ulitaka kusema jingine, mimi nimeshindwa kulipata.