Kisu cha Baba Eva

Pale njia panda ya kijiji cha Daudi, mbele ya banda la kuchomelea la Hhando, kuna benchi la chuma ambalo halijawahi kukaliwa na mtu mwenye haraka. Getruda huweka hapo jiko na birika la kahawa, na kabla ukungu haujapanda mlimani, wajuaji wameshajipanga, makoti yamefungwa hadi kooni, hakuna jambo wasilolijua. Hhando mwenyewe wanamwita Cheche, kwa sababu ya grenda yake. Mzee Bura ni Injinia wa Porini, maana zamani alibeba mizigo kwenye kambi ya wawindaji, na mpaka leo hajaitua. Kelvin wa bodaboda ni Mtandao, na hilo halihitaji maelezo. Asubuhi hiyo Nikolausi, Baba Eva, alitokea mbio kutoka korongoni, damu hadi viwikoni, kisu mkononi. Benchi lilimsogezea nafasi kidogo, kama kawaida.

Ng'ombe wake dume alikuwa ametumbukia korongoni alfajiri na kuvunjika mguu, ikabidi amchinje pale pale alipolala. Huyo ndiye aliyenenepeshwa kwa ajili ya kipaimara cha Eva, kesho yake, na wakwe zake kutoka Endasak walikuwa wanakuja kula. Zizini hakubaki mwingine wa kuchinja, alibaki mtamba tu na ndama. Mkewe, Benedikta, alikuwa kule chini na fimbo, anafukuza mbwa. Kisu kilikuwa kimepungua makali kwenye kuchinja, basi Nikolausi alitaka jiwe la kunolea, akiguse kidogo, arudi kupasua tumbo.

— Shikamoo mzee Bura. Cheche, naomba jiwe. Sikai.

— Marahaba, alisema Bura, akakipokea kisu kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa panya. — Hiki nacho ni kisu?

— Ndicho kilichochinja dume sasa hivi.

— Yule dume alikuonea huruma. Aliona unahangaika, akajimalizia mwenyewe.

Benchi zima likacheka. Nikolausi alihisi masikio yanachemka. Kisu kile kilifuliwa kutoka springi ya Landrova, na marehemu baba yake alichuna nacho maisha yake yote. Angeweza kusema hivyo akachukua jiwe akaondoka. Badala yake alijikuta ameketi.

— Kambini, Bura alianza, — mgeni akiangusha swala anatoa visu vitatu. Kimoja kifupi, kina pua kama ndoana, cha kufungulia tumbo bila kugusa utumbo. Cha pili kimeviringika mbele, cha kutenganisha ngozi na nyama. Cha tatu cha maungio. Swala mmoja, visu vitatu! Wewe una dume zima, halafu unakuja na hiki cha kupakia siagi.

— Na wewe mzee ulikuwa unashika kipi? aliuliza Getruda, akimimina kahawa.

— Mimi nilikuwa nashika miguu ya swala.

— Aa.

— Achaneni na mambo ya zamani, alisema Kelvin, simu mkononi. — Tatizo ni chuma chenyewe. Hiki ni chuma cha gari, kinajua barabara, hakijui nyama. Wenzetu wanatumia stenlesi ya Kijapani. Wajapani kabla ya kunoa wanakilaza kisu kwenye friji siku nzima.

— Si bora wangekileta Daudi, alisema Hhando. — Hapa hata sisi tunalala kwenye friji.

Simu ya Nikolausi ikaita. Alikuwa Benedikta.

— Uko wapi, Baba Eva? Jua limeshatoka.

— Niko njiani, Mama Eva, alijibu, huku anapokea kikombe. Hakudanganya sana, kwa sababu njia ilikuwa pale pale mbele ya miguu yake.

Alinyoosha mkono kuchukua kisu, lakini Hhando alimwahi.

— Jiwe ni la kunolea visu vya vitunguu, bwana. Kisu cha kuchuna kinanolewa kwa nyuzi za pembe. Nyuzi ishirini kila upande. Wewe unapimaga na nini?

— Na dole gumba.

— Dole gumba! Injinia, umesikia? Mtu anategemea wakwe kesho, anapima kwa dole gumba!

Wakacheka tena, na safari hii Nikolausi alicheka nao, kicheko cha mtu anayeomba asamehewe. Hhando aling'oa mpini ili usiungue, akakibana kisu kwenye jiliwa la mezani na kuwasha grenda. Cheche ziliruka hadi kwenye birika la Getruda, naye akamtukana kwa Kiiraqw. Ncha ya kisu ikageuka bluu. Nikolausi aliiona, na alijua maana yake: chuma kimeungua, hakitashika makali tena.

— Mbona kinakuwa bluu? alisema, sauti ikiwa ndogo.

— Hiyo ndiyo rangi ya ubora.

Nikolausi akapuliza kahawa yake. Mwanamume mzima, mwenye mke, mashamba na ng'ombe, anaona mali yake inaharibiwa na bado anaogopa kuchekwa na watu watatu wenye vikombe! Angewaambia waende zao. Lakini kwao ni wapi zaidi ya hapo hapo?

Upande mmoja ulipokwisha, umeme ukakatika.

— Sasa hapo msikiguse, alisema Bura. — Kisu kilichonolewa upande mmoja kinachanganyikiwa. Upande huu unajua kukata, ule haujui. Kinakwenda kimepinda, kinapasua nyongo.

— Alafu kingine, alisema Kelvin, — kisu kilichochinja hakitakiwi kumchuna huyo huyo. Kinaona aibu.

— Nani kasema?

— Iko kwenye simu. Dawa yake unakipaka asidi ya betri, aibu inaisha.

— Na wageni waje wale asidi? aliuliza Getruda.

— Inakauka, mama.

— Kambini, alisema Bura, ambaye hakupenda kupitwa, — kisu tulikuwa tunakielekeza upepo unakotoka, harufu ya chuma isimfikie mnyama. Baba Eva, dume wako amelala kichwa upande gani?

— Ameshakufa huyo, mzee.

— Hata kama. Pua ndiyo inayokufa mwisho.

Hhando alitikisa kichwa taratibu kukubali, na Kelvin akaanza kuitafuta habari hiyo kwenye simu. Jua lilikuwa limepanda, makoti yameanza kufunguliwa vifungo. Ndipo Bernadina, jirani wa kule bondeni, akatokea anahema, matope hadi magotini.

— Shikamoo mzee Bura. Habari zenu wote.

— Marahaba mwanangu. Habari za huko chini?

— Nzuri tu. Baba Eva, nimetumwa kwako. Simu ya Mama Eva imezima.

— Sema.

— Tumbo la dume limevimba, miguu ya juu imenyanyuka yenyewe. Mama Eva anauliza, alifungue kwa meno?

Bura alichungulia kwenye kikombe kilichokwisha zamani. Hhando alianza kufuta jiliwa. Nikolausi alikitazama kisu cha baba yake, hakina mpini, kimeungua ncha, kimenolewa upande mmoja, na moyo ukamuuma vibaya. Aliiona kesho: Eva na gauni lake jeupe, mama mkwe amewekewa kidari, anakinusa, anakisogeza pembeni ya sahani kwa adabu na kusema ameshashiba. Alikuwa amekuja kuazima jiwe tu, na jiwe lenyewe lilikuwa chini ya benchi, karibu na kisigino chake.

Alilegeza jiliwa, akakizungushia kisu mkono wa sweta na kulichukua jiwe, akateremka mbio kuelekea korongoni bila kuaga, Bernadina nyuma yake. Benchi lilimtazama mpaka alipopotea kwenye mahindi.

— Lakini kwa meno inawezekana, alisema Kelvin. — Kuna video.

Bura akampa Getruda kikombe amwongezee.

— Ya mbele, aliuliza, — au magego?